"Turn down" siyo kugeuka chini

Wadau, kuna vitenzi vya Kiingereza vya vipande viwili ambavyo vinatuponza kweli kweli, hasa kwenye barua za kazi. Mtu anaijua "turn", anaijua "down", halafu anaandikiwa "your application was turned down" na bado anangoja kuitwa. Ombi limekataliwa hilo!

Mbaya zaidi ni "laid off". Wapo wanaodhani ni likizo, kwa vile wamezoea "day off". Kumbe umepunguzwa kazini. Na hapo muda unahesabika: kwa Tanzania, chini ya kanuni za mwaka 2007, anayeona kaachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu kufikisha mgogoro wake CMA. Ukikaa nyumbani unangoja tarehe ya kurudi, siku zinakatika.

Tusiwashangae Waingereza lakini. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki. Nani kapigwa hapo? Mgeni akitafsiri neno kwa neno anapotea, na sisi kwao ni hivyo hivyo. Kitenzi kichukue kizima kizima, kama neno moja.

Mfano "look". "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look down on" ni kudharau. Bosi akisema "I'll look into it", ameahidi kulichunguza suala lako, hajaahidi kulimaliza. Kikao kikiwa "put off" kimeahirishwa, endelea kujiandaa. Kikiwa "called off" kimefutwa, kalale zako.

"Pass out" ni kuzimia (ile "passing out" ya JKT ni sherehe ya kumaliza mafunzo, hiyo tunaijua). "Pass away" ni kufariki. Ukipiga simu kutoka hospitali ukachanganya hizo mbili, utaliza ukoo mzima bure.

Halafu mpangilio. Unaweza kusema "turn off the radio" au "turn the radio off", ila ukitumia "it" lazima ikae katikati: "turn it off". "Look after" yenyewe haikatwi, ni "look after it" basi. Hii inataka mazoea tu.

Mimi nashauri tuachane na kukariri orodha ndefu. Chukua vitatu kwa wiki, vitungie sentensi za maisha yako mwenyewe. Anayetafuta kazi aanze na "fill in", kujaza fomu; "hand in", kuiwasilisha; na "follow up", kufuatilia wakikaa kimya.