Fahamu: Nchi gani inapeleka wanafunzi wengi zaidi Marekani?

India imeipita China. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24, Marekani ilihesabu wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni 1.1. Wahindi walikuwa takriban 331,600, Wachina 277,400 hivi. India haikuwa imeongoza tangu 2009.

Lakini ukizingatia idadi ya watu, picha inabadilika kabisa. Korea Kusini ilikuwa na wanafunzi wapatao 43,000 tu, nayo ina watu karibu milioni 52: mwanafunzi mmoja kwa kila watu 1,200. India, yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ilikuwa na mmoja kwa kila watu zaidi ya 4,200. Nigeria, iliyoongoza Afrika kwa wanafunzi wapatao 20,000, ilikuwa nyuma zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo vichwa vya habari hulificha, na si haki kwa msomaji. Kati ya Wahindi hao, zaidi ya 97,000 walikuwa wamekwisha kuhitimu na walikuwa kazini kwa kibali cha mafunzo ya vitendo, ambacho kwa wahitimu wa sayansi, kompyuta na uhandisi hufika miaka 3. Hao pia huhesabiwa kama wanafunzi.