Je, Wajua? Gari Livutalo Kushoto Huenda Halina Ila

Je, wajua kwamba gari kuukuu litokalo Garissa, likiisha kuvuka daraja la Mto Tana na kushika njia ya Mwingi, huenda likavuta kushoto ilhali halina ila yoyote? Sababu ni kwamba barabara ya lami huinuliwa kidogo katikati ili maji ya mvua yateremke kandoni, nasi Kenya twaendesha upande wa kushoto. Basi gari hufuata mteremko ule.

Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu fundi, lijaribu mahali palipo sawa. Likizidi kuvuta, pima upepo wa matairi alfajiri, kabla ya jua la Garissa, ambalo halina mzaha, kuyapasha moto; kisha badilishana matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia: mvuto ukihama, mwenye hatia ni tairi. Usipohama, simama baada ya mwendo, ukisogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Iliyo na moto kuliko mwenziwe, breki yake yang'ang'ania.

Njia za changarawe za Kaskazini Mashariki, zenye matuta madogo yafuatanayo kama mawimbi, hulegeza bushi na viungo vya usukani, na kupima mlingano wa magurudumu kabla ya kuvibadilisha ni kutupa fedha. Pitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi: likiwa laini huku na kukwaruza kule mithili ya msumeno, magurudumu hayaendi sambamba. Ajabu ni kwamba kosa hilo mara nyingi hulila tairi upesi bila usukani kuvuta hata kidogo.