Ufunguo wa stoo hauachwi mlangoni

Msikilizaji wetu wa Sanya Juu, ukishafunga mahindi yako stoo, ufunguo huuachi ukining'inia mlangoni. Programu za simu na kompyuta nazo zina funguo: maneno ya siri ya kufungulia daftari la wanachama au kutuma malipo.

Mafundi wa programu huziweka funguo hizo pembeni, katika faili dogo liitwalo .env. Kila mstari una jina, alama ya sawasawa, kisha siri yenyewe. Zipo zana ambazo fundi huziendesha kwa kuandika amri kwenye kompyuta, ili kuongeza mstari au kukagua kama kuna uliosahaulika. Hivyo programu inaweza kupewa fundi mwingine airekebishe, na siri zikabaki kwa mwenyewe.

Zikiachwa ndani ya programu, hasara ni kubwa. Mwaka 2016 wezi waliingia kwenye hifadhi ya faragha ya programu za kampuni ya usafiri ya Uber, huko GitHub. Walikuta ufunguo, wakachukua taarifa za watu milioni 57 duniani.

Ufunguo ukivuja, kuufuta tu hakutoshi, kwa sababu hifadhi hizo hutunza nakala za zamani. Dawa ni kubadilisha kufuli.

Kwa hiyo AMCOS yenu ikitengenezewa programu, tunashauri mumuulize fundi maswali mawili: funguo ziko wapi, na nani anazo? Naye akimaliza kazi na kuondoka, zibadilishwe siku hiyo hiyo.