Intaneti ya Umma: Inatoka Wapi na Inamfaaje Mkazi wa Mokowe?

Tangu katikati ya mwaka 2023, zaidi ya huduma 5,000 za serikali zinapatikana kwenye eCitizen. Pasipoti, cheti cha mwenendo mwema, leseni ya udereva: maombi huanzia kwenye simu au kompyuta. Kwa mkazi wa Mokowe, hilo laweza kumpunguzia nauli ya kufuata afisi. Lakini asiye na bando wala simu ya kisasa huachwa nje ya mlango, na mlango wenyewe ndio huo mmoja.

Kuziba pengo hilo, serikali ya kitaifa ilitangaza mpango wa kutandaza kilomita 100,000 za nyaya za faiba, kuweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure masokoni na mahali pengine pa umma, na kuanzisha kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450 nchini. Lamu ina wadi 10. Mokowe imo katika wadi ya Hindi.

Kabla ya 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa ghali mno. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Kutoka hapo, mtandao wa faiba wa taifa, NOFBI, ulibuniwa kuunganisha makao makuu ya kaunti, ambayo kwa Lamu ni Mokowe.

Kuchimba mtaro bara ni kazi moja. Kuvusha mawasiliano hadi visiwani ni nyingine, na hapo minara ndiyo hutegemewa zaidi. Mahali ambapo kampuni hazioni faida, kuna Hazina ya Huduma kwa Wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni zenye leseni huichangia sehemu ya mapato yao, nayo hugharamia minara katika maeneo yaliyosahaulika.

Anayesaidiwa saiba alipie kazi aliyofanyiwa, ila neno la siri alichape mwenyewe, na ile nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa simu yake asimpe mtu. Ada ya huduma hulipwa kupitia nambari 222222, si kwa simu ya mhudumu. Akimaliza, afunge akaunti kabla ya kuinuka kitini. Kompyuta ya umma ina mwingine anayeisubiri.