Spika Inapovuma

Sogeeni, wanangu, niwasimulie kisa cha mvumo.

Tuseme leo ni Jumamosi hapa Nakwa, na kwaya ya vijana inajaribu vyombo kwa ajili ya ibada ya kesho. Amplifaya na spika ziko mbele, zimechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa mbele. Mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, iko nyuma, karibu na mlango, imechomekwa kwenye soketi nyingine pamoja na chaja ya kompyuta. Kebo ndefu ya sauti imevuka ukumbi mzima kuviunganisha. Hakuna anayeimba wala anayepiga kinanda, lakini spika zinavuma: uuummm! Mvumo mzito, haukatiki.

Kijana mmoja anaichomoa plagi ya amplifaya, anaitazama pini ile ndefu. “Nimesikia ukiikata hii, mvumo unaisha,” anasema, huku akitafuta koleo.

Hapo mzuieni! Kabla koleo halijagusa kitu, mjue kwanza pini hiyo ina kazi gani.

Umeme wa majumbani kwetu Tanzania ni wa volti 230, nao hugeuka huku na huku mizunguko 50 kila sekunde. Kwenye plagi ya pini tatu, pini moja ni ya laini inayoleta umeme, ya pili ni ya nyutro inayourudisha, na ile ndefu ni ya ethi. Waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na michirizi ya njano, husafiri ukutani mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Pini yake imefanywa ndefu makusudi, ili iwe ya kwanza kugusa unapochomeka na ya mwisho kuachia unapochomoa.

Siku waya wa laini ukikatika ndani ya amplifaya na kugusa bodi yake ya chuma, ethi huuchukua umeme huo mara moja, fyuzi ikaungua au swichi kuu ikajikata. Pini hiyo ikiwa imekatwa, umeme unabaki kwenye bodi, na kwa kupitia kebo unaweza kufika hadi kwenye maiki ya chuma. Mwimbaji aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. Mvumo ni kero, wanangu, lakini shoti huua.

Basi mvumo unatoka wapi? Ndani ya kebo ya sauti, waya unaobeba wimbo umezungushiwa wavu wa nyaya nyembamba. Wavu huo huunganisha bodi ya mikisa na bodi ya amplifaya. Lakini kila kimoja tayari kina ethi yake, kupitia soketi yake. Hivyo pametokea duara: kutoka mikisa, kupitia wavu, hadi amplifaya, kisha kurudi kwa nyaya za ethi za ukutani. Fikirieni madimbwi mawili yaliyounganishwa kwa bomba: moja likiwa juu kidogo tu, maji yatatembea. Ethi mbili nazo mara nyingi hupishana kwa sehemu ndogo ya volti, na umeme kidogo ukatembea kwenye wavu. Wimbo wenyewe ndani ya kebo ni kama volti moja au pungufu, kwa hiyo hata chembe ya umeme wa nyumba ikijipenyeza, amplifaya huikuza pamoja na wimbo. Huo mzunguko wa mara 50 kwa sekunde ndio mnaousikia.

Sasa tuusake mvumo huo. Punguzeni sauti kwanza, kisha chomoeni kebo zote za sauti kwenye amplifaya. Mvumo ukinyamaza, amplifaya haina kosa. Rudisheni kebo moja moja, mkisikiliza kila mara. Pengine mvumo utarudi mtakapounganisha kompyuta na mikisa. Ichomoeni chaja, itumie betri. Kimya? Mmekwisha kuipata njia ya pili.

Dawa yake ni kuifanya njia iwe moja. Chomekeni mikisa, kompyuta na amplifaya kwenye soketi moja, kwa ekstensheni nzuri yenye ethi. Ekstensheni ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, kwa hiyo msiongeze birika wala pasi. Kebo za sauti zisilale sambamba na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba. Mvumo ukibaki, kuna kisanduku chenye transfoma ndogo ambacho hupitisha wimbo na kukata duara la ethi. Hukaa kwenye kebo ya sauti, kamwe si kwenye plagi ya umeme.

Lakini mkigusa maiki mkahisi vidole vinawasha, acheni vyote. Mtu mzima azime swichi kuu, fundi aitwe. Aipime ethi yenyewe, hasa wakati wa kiangazi, maana udongo mkavu hupitisha umeme vibaya, na fimbo fupi iliyofanya kazi vizuri masika huenda isitoshe mwezi wa Septemba.

Na fundi akifika, mwelezeni mlichokiona: “Mvumo uliisha tulipochomoa chaja ya kompyuta.” Kwa neno hilo ataanzia pale hasa penye tatizo, na pini zote tatu zitabaki mahali pake.