Kicheko Kisicho cha Furaha

Wengi wetu hudhani ya kuwa kucheka ni alama ya furaha na kulia ni alama ya huzuni, basi. Lakini mtazameni mtoto aliyevunja chungu cha mamaye: pengine hucheka, na kicheko hicho ni hofu tupu. Mtazameni mjane msibani aliyeketi kimya bila chozi hata moja. Watu humnong'ona kwamba hana uchungu, kumbe uchungu umemkaba koo. Leo nataka kuwasimulia jambo lililotokea katika nchi yetu hii hii, kwa kuwa latuhusu sana sisi wenye mabinti shuleni.

Tarehe 30 Januari 1962, huko Kashasha katika nchi ya Bukoba, wasichana watatu wa shule moja ya misheni walianza kucheka. Wakashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko. Wengine wakahangaika huku na huko wakisema wanaogopa kitu kinachowafukuza. Hali hiyo ilimshika mtu kwa dakika chache au saa chache, ikapoa, kisha ikarudi; yuko aliyeshikwa hata siku 16. Ilipofika tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa, na shule ikafungwa. Walimu hakushikwa hata mmoja.

Wasichana wakarudishwa makwao. Baadhi yao kwao ni Nshamba, na huko watu 217 wakaanza kucheka na kulia katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto wa shule. Kashasha ikafunguliwa tarehe 21 Mei, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Mwezi huo huo wasichana 48 wa shule ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, walishikwa nao.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliwapima wagonjwa, na habari zao zikachapwa mwaka 1963. Hawakuona sumu wala mdudu wa ugonjwa. Hakufa mtu. Neno lao lilikuwa kwamba huo ni ugonjwa wa hofu unaopita toka mtu hata mtu, kwa kuonana na kusikiana. Angalieni vema: hawakusema wasichana wale walijifanya. Waliteseka kweli. Walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18, na wataalamu waliochunguza habari hiyo baadaye wameona kwamba kicheko chao hakikuwa na furaha yo yote ndani yake, bali mzigo uliokosa mlango wa kutokea.

Nasi twaujua mzigo huo. Sisi Wafipa tumesifiwa kwa upole. Mwingereza Roy Willis, aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya amani yetu na adabu yetu katika mazungumzo. Ni sifa njema, wala sitaki ipotee. Lakini twamfundisha binti kupiga magoti, kunyamaza mbele ya wakubwa, na kujibu kwamba hajambo hata siku aliyo na jambo. Binti wa namna hiyo akikaa bwenini na hofu ya mtihani, au hofu mbaya kuliko hiyo, atamwambia nani?

Mwili ndio husema badala yake. Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo hutia dawa yake katika damu; moyo hupiga mbio na pumzi hukimbia. Pumzi ikikimbia kupita kiasi, damu hupungukiwa na ile hewa tunayoitoa puani; ndipo kichwa huzunguka, midomo na vidole hufa ganzi, hata mikono hukunjamana. Binti akiona vidole vyake vinakunjamana vyenyewe huogopa zaidi. Mwenzake aliye kando akimwona, naye huanza. Kumbe umati unaokusanyika kutazama na kupiga kelele ndio unaotia kuni motoni.

Hapo ndipo hatari kubwa huingia. Neno la kwanza midomoni mwetu ni, "Amerogwa." La pili ni jina la bibi kizee fulani. Mji wetu mkuu waitwa Sumbawanga, na wazee hulieleza jina hilo kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Lakini kutupa uchawi si kutupa majirani. Tena Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, humshika hata yule anayemsingizia mwenzake kwamba ni mchawi.

Ofisini parokiani twaletewa maombi ya Misa kwa ajili ya mabinti wa namna hii, nami naandika majina daftarini kwa moyo mweupe. Sala ni dawa. Lakini mkumbukeni Hana, mamaye Samweli, aliyesali hekaluni midomo ikitikisika bila sauti: kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa. Mtu wa Mungu aliutazama uso, akakosea. Alipomsikiliza ndipo alipojua.

Basi, binti akishikwa, mtengeni na watu, aketi penye hewa, mtu mmoja mtulivu amshike mkono na kupumua naye polepole. Kisha mpelekeni zahanati, maana malaria na kifafa navyo huweza kumtia mtu katika hali kama hiyo. Akitulia, msimwulize, "Nani amekuroga?" Mwulizeni tangu lini usingizi umempotea, na ni mahali gani hapendi kupita. Baba, usione vibaya: kazi hii mara nyingi si yako. Mpe bibi yake au shangazi, wakae wawili wakichambua maharage, maana binti humwambia bibi asiyoweza kuyasema mbele ya babaye. Na akimtaja mtu mzima anayemsumbua, njiani au huko shuleni, jambo hilo msilimalize kwa mbuzi wala kwa kikao cha ukoo. Lipelekeni polisi siku hiyo hiyo, na mama afuatane na binti yake.