Kansa ya Koo: Chai Ipoe Kwanza, na Mahindi Yakauke

Ndugu mkulima, kuna ugonjwa ambao huanza kwa jambo dogo. Mtu mzima aliyezoea kumaliza ugali wake bila taabu huanza kusukuma kila tonge kwa maji. Anasema ugali ni mgumu, au mboga haina mchuzi wa kutosha. Baada ya wiki kadhaa ugali haupiti kabisa, naye anataka ndizi za kupondwa. Kisha ndizi nazo zinakwama, anabaki na uji, na mwisho hata maji yanamrudia. Wakati huo mkanda wake umetobolewa matundu mapya, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Hajarogwa. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa kansa ya umio, yaani ule mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengi wetu huuita kansa ya koo tu. Huku Kisii na Nyamira, na kwa jirani zetu wa Bomet, si ugonjwa wa kusikia kwa mbali. Hospitali ya Tenwek, ambayo mkulima wa Borabu huifikia kwa kuvuka mpaka, imewapokea wagonjwa wengi wa namna hii, na baadhi yao walikuwa hawajafika umri wa miaka 30. Kwa nchi nzima, makisio ya mwaka 2022 yalisema kwamba watu zaidi ya 44,000 walipata kansa za kila namna na zaidi ya 29,000 walikufa. Kansa ya umio ni mojawapo ya zile zinazoua wengi.

Wala usidhani ni ugonjwa mpya. Mwaka 1969, wakati baba zetu walikuwa wamekaa katika mashamba ya skimu kwa miaka michache tu, wataalamu wawili, Ahmed na Cook, walichapisha katika jarida la British Journal of Cancer habari za kansa ya umio magharibi mwa Kenya. Miaka 2 baadaye Cook aliandika tena katika jarida hilo hilo, akisema kwamba huenda ugonjwa huu una uhusiano na pombe zinazotengenezwa kwa mahindi.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo niliyesomea ualimu, si daktari. Naandika habari hii katika gazeti la wakulima kwa sababu mengi ya mambo yanayoongeza hatari ya kansa hayako hospitalini. Yako jikoni, ghalani, na katika ile nyumba ya jirani ambako wanaume huketi jioni.

Kwanza yafaa uelewe neno hili "hatari". Hakuna mtu awezaye kumwambia mgonjwa kwamba kikombe fulani au sigara fulani ndiyo iliyomletea kansa. Wapo watu wasiokunywa pombe wala kuvuta tumbako na bado hupata. Ni kama shamba la mteremko lisilo na matuta. Si kila mvua itakayochukua udongo, na hata shamba lenye matuta laweza kuharibiwa na gharika. Lakini kila mkulima wa milima ya Gusii anajua ni shamba gani linalobaki na udongo baada ya miaka 20. Kwa hiyo mgonjwa asilaumiwe. Sisi tulio wazima ndio tunaoweza kuchimba matuta.

Sasa tuseme habari za chai. Najua mkulima wa Nyansiongo au Kebirigo akisikia chai ikitajwa pamoja na kansa atakasirika, maana chai ndiyo inayolipa karo. Basi atulie. Majani ya chai hayana lawama hapa. Lawama ni ya moto uliomo kikombeni. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za sentigredi, yaelekea huleta kansa ya umio. Ni maji, ni chai, ni kahawa, hakuna tofauti. Neno ni joto. Mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Eldoret, ambako wagonjwa wa kansa ya umio walilinganishwa na watu wasio nayo. Ilionekana kwamba watu waliozoea vinywaji vya moto sana walikuwa katika hatari kubwa kuliko wale wanaongoja vipoe.

Pengine utasema, "Chai yangu si ya moto kiasi hicho." Huko Kilimanjaro, Tanzania, wataalamu waliwahi kupima chai za watu pale walipoanza kunywa. Kwa wastani joto lilizidi nyuzi 70. Na wale walikuwa watu kama sisi, wa nchi ya milima yenye asubuhi za baridi, wanaochemsha maziwa na majani pamoja katika sufuria. Kwetu mtu ametoka kuchuma chai saa mbili asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa umande, anamiminiwa chai kutoka kwenye thamosi na anaimaliza kabla mvuke haujaisha. Tena husifiwa. Mzee anayerudisha kikombe kwa kuwa chai imepoa huheshimiwa kuliko yule anayengoja, na mimi sijaelewa heshima hii ilitoka wapi.

Ngozi ya ndani ya umio ni laini. Ikiunguzwa leo hujiponya, ikiunguzwa kesho hujiponya tena, na katika kujiponya huko kwa miaka mingi ndipo sehemu nyingine yaweza kukua vibaya. Huna haja ya kununua kipimo cha joto. Ikiwa ni lazima upulize kwanza, au uvute kwa sauti ili mdomo usiungue, basi bado ni mapema. Mimina katika kikombe kingine mara mbili tatu, acha kifuniko wazi, au ongeza maziwa baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Uji wa wimbi nao una sheria hiyo hiyo, maana uji hutunza moto kuliko chai. Mtoto afundishwe kungoja tangu akiwa mdogo.

Habari za pombe na tumbako nitazisema bila kuzunguka. Pombe ilithibitishwa tangu mwaka 1988 kuwa huleta kansa, na si kwa sababu ya uchafu uliomo tu. Ulevi wenyewe, ukiingia mwilini, hugeuka kuwa sumu nyingine inayodhuru umio, ini, na mahali pengine. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba chang'aa safi haina neno wanajidanganya. Bia ya chupa nayo ina ulevi ule ule, ingawa chang'aa ni kali zaidi na mtu huimeza bila maji. Tumbako ni mbaya iwe sigara, kiko au ugoro. Na mtu anayekunywa na kuvuta hajumlishi hatari mbili; zile mbili huzidishana, kama magugu mawili yanayosaidiana kuziba mfereji. Ukishindwa kuacha vyote kwa pamoja, anza na kimoja mwezi huu.

Jambo ambalo ni letu hasa, wakulima na watu wa ofisi ya kilimo, ni mahindi. Mahindi yakivunwa mabichi na kuwekwa ghalani huota ukungu, na ukungu huo huacha sumu ndani ya punje. Sumu moja huitwa aflatoksini, nayo huleta kansa ya ini. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha uchunguzi wao wa Murang'a. Walipima sumu hiyo katika chakula cha majumbani, kuanzia sehemu za juu zenye baridi hadi zile za chini zenye joto. Kule chini sumu ilikuwa nyingi zaidi, na kansa ya ini nayo ilikuwa nyingi zaidi. Na aflatoksini ikizidi haingoji kansa: mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani watu 317 waliugua kwa kula mahindi mabovu, na 125 wakafa.

Sisi wa nchi ya baridi tusicheke. Ukungu mwingine hupenda hali ya hewa kama yetu. Mwaka 1988 wataalamu wa Afrika Kusini waliigundua sumu iitwayo fumonisini katika ukungu wa mahindi, walipokuwa wakiwachunguza watu wa Transkei, ambako kansa ya umio ni nyingi mno. Haijathibitishwa kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini inashukiwa, na mkulima mwenye akili hangoji ithibitishwe ndipo akaushe mahindi yake.

Taabu yetu ni mvua. Kisii na Nyamira hupata mvua karibu kila mwezi, na mahindi ya Borabu hukomaa polepole. Basi usiyaanike juu ya udongo mtupu. Tandika turubai, na mawingu yakija uyafunike. Usipukuchue kwa kupiga magunia kwa fimbo, maana punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu. Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna chombo cha kupimia, tumia chupa ya soda na chumvi. Chupa iwe kavu kabisa, na chumvi uikaange kidogo kwanza, kwa kuwa huku kwetu chumvi huvuta maji hewani. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, weka kijiko cha chumvi, ziba, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Isiposhika, bado mahindi yape jua la siku moja au mbili, ndipo uyaweke.

Na yale yaliyooza? Hapa ndipo ninapowagombeza hata wakulima hodari. Mahindi yenye ukungu hupelekwa kwa mama pima yakawe pombe, au husagiwa ng'ombe na kuku. Kupika hakuondoi sumu hii. Ng'ombe akila mahindi yenye aflatoksini, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayotiwa katika chai ya watoto wako. Chagua punje moja moja kabla ya kupeleka posho mill. Zile zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu uzifukie.

Kuhusu mboga maneno ni machache, maana mama zetu wanayajua. Watu wanaokula mboga na matunda kwa uhaba huonekana kuwa katika hatari zaidi. Chinsaga, managu na risosa za kwetu hupakiwa usiku kwenda Nairobi, na aliyezilima hula ugali kwa chai. Bakiza fungu moja nyumbani.

Sasa turudi kwa yule mtu anayesukuma ugali kwa maji. Usimpeleke kwa mganga, na usimruhusu mtu yeyote kumtaja mama mzee wa kijiji. Mambo ya namna hiyo yamemwaga damu katika nchi hii ya Gusii. Kikwazo cha kumeza kikidumu kwa wiki mbili, aende hospitali kubwa, Kisii au Tenwek, na aseme wazi, "Chakula kinakwama." Asiseme tu kwamba ana maumivu ya tumbo, maana atapewa dawa ya vidonda vya tumbo na miezi itapita bure. Daktari atapitisha mrija mwembamba wenye kamera mdomoni, aone umio wenyewe, na achukue kipande kidogo cha kupimwa. Kansa ikionekana mapema yaweza kutibiwa. Ikiwa imechelewa, bado kuna mrija wa waya unaofungua njia ili mgonjwa aweze kula tena, na Tenwek wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kabla ya safari hakikisha mgonjwa ameandikishwa SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na uulize ni gharama zipi italipa. Siku ya kupimwa asile kitu tangu usiku. Aende na mtu mzima mmoja, kwa sababu akipewa dawa ya usingizi hataruhusiwa kurudi nyumbani peke yake.